Chachu Yenye Njaa Mbele ya Chakula



Leo nataka kuwaelezeni habari za kiumbe kidogo sana, kidogo hata macho matupu hayakioni, ingawa kazi yake kila mtu wa Ufipa anaijua. Tangu Sumbawanga, kupita Matai, hata Kasesya pale mpakani ambapo njia huvuka kuingia Zambia, watu wanaujua ulezi na pombe yake. Ulezi hulowekwa, huoteshwa uwe kimea, huanikwa, husagwa, kisha hupikwa. Baadaye chungu kikiachwa kitulie, togwa ile tamu huchemka bila moto, povu hupanda, na utamu hugeuka kuwa ukali. Nia yangu si kuisifu pombe wala kuilaumu. Habari ya ulevi ina siku yake. Nia yangu ni kumtazama yule mfanya kazi asiyeonekana ambaye hulichemsha togwa, yaani chachu, na kuuliza swali moja: chachu yenyewe hula nini, na ikikosa chakula chake hupatwa na nini? Jibu la swali hilo, kama mtakavyoona, linafika hata kwenye bakuli la mtoto.

Zipo chachu za namna nyingi. Moja katika hizo inatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki, maana ina jina la Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki, akakuta ndani yake chachu ambayo wenzake hawakuwa wameieleza bado. Akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza ni refu nalo limeundwa kwa Kiyunani, maana yake ni kuvu wa sukari anayepasuka. Neno la pili ni letu wenyewe. Basi hata leo mwanafunzi wa Japani, au wa Uingereza, au wa Marekani, akijifunza habari za chachu hii hulitamka neno pombe, hata kama hajui lilikotoka.

Chachu zilizo nyingi huzaana kwa kuchipua, kama mhogo unavyotoa jicho ubavuni. Chachu ya pombe haifanyi hivyo. Umbo lake ni kama kijiti kifupi. Hurefuka, kisha huota ukuta katikati, ikapasuka kuwa viwili vilivyo sawasawa. Inapofika wakati wa kupasuka, urefu wake ni kama sehemu 14 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Hata ukivipanga vijiti 70 hivi kwa mstari ndipo utapata milimita moja. Kila kijiti ni seli moja tu, yaani chumba kimoja chenye uhai. Ikipata chakula kizuri na joto linaloifaa, seli hugawanyika kila baada ya muda wa saa mbili na dakika chache. Kwa hiyo seli moja, katika mchana mmoja na usiku mmoja, yaweza kuwa karibu 2,000.

Sasa tutazame chakula. Wataalamu huotesha chachu katika visahani vya kioo vyenye chakula kilichogandishwa kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, ambacho huganda kama uji uliopoa. Chakula hicho ni cha namna mbili, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa habari yote.

Namna ya kwanza tuiite chakula cha karamu. Hutengenezwa kwa sukari ya glukosi, gramu 30 katika lita moja ya maji, pamoja na gramu 5 za mchuzi mkavu uliokamuliwa katika chachu nyingine. Mchuzi huo una kila kitu ambacho seli hukihitaji, maana ulikuwa mwili wa seli. Atakayekula hapo hana haja ya kupika. Kila kitu kimekwisha andaliwa.

Namna ya pili tuiite chakula cha mkavu. Humo mna glukosi gramu 20 katika lita, chumvi ya amonia gramu 5 iwe asili ya naitrojeni, chumvi nyingine za fosfati, za salfa na za madini, na vitamini nne tu kwa kadiri ndogo mno. Mojawapo ya hizo nne, ambayo huitwa biotini, haizidi sehemu moja ya mia ya miligramu katika lita nzima. Chakula hicho hakina protini hata kidogo, wala hakina mafuta. Ni kama kumpa mtu sukari, chumvi na maji, kisha kumwambia ajenge mwili.

Na ajabu ni kwamba chachu yenye afya huujenga. Kwa sukari na chumvi ile ya amonia hutengeneza asidi amino zote 20, ambazo ndizo matofali ya protini. Hutengeneza pia adenini na urasili, vitu ambavyo seli huvihitaji kwa maandishi ya urithi wake na nakala zake. Hugawanyika polepole kuliko penye karamu, maana kazi ni nyingi, lakini hugawanyika. Kila seli ni jiko, ni karakana, na ni ghala, vyote katika chumba kimoja.

Lakini kila kazi ya jiko hilo ina agizo lake. Maagizo hayo huitwa jeni, na seli humrithisha mwanawe kwa kuyanakili kabla ya kupasuka. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba wamekwisha kuyasoma maandishi yote ya chachu ya pombe, wakakuta jeni karibu 5,000. Mwandishi anayenakili kurasa nyingi hukosea mahali pamoja au pawili. Seli nayo kadhalika. Miali ya eksirei na dawa nyingine huyazidisha makosa hayo. Mara nyingi kosa halidhuru kitu. Lakini likiangukia jeni ya kutengeneza leusini, basi seli ile haitaweza tena kutengeneza leusini, wala mwanawe, wala mjukuu wake.

Je, seli iliyopatwa na kosa hilo itakufa? Hapo ndipo chakula kinapoamua. Ukiiweka penye karamu huota vema, wala huwezi kuitambua kati ya wenzake, kwa kuwa leusini anaikuta tayari mezani. Ukiihamisha kwenye chakula cha mkavu huacha kuota. Sukari ipo tele, chumvi ipo, maji yapo, naye ana njaa mbele ya chakula. Uongeze sukari mara mbili, haitasaidia kitu. Lakini ukitia leusini kidogo, miligramu 225 katika lita moja, yaani pungufu ya robo ya gramu, seli huamka na kuanza kugawanyika kama wenzake.

Njia hii ya kutafuta viumbe vilivyopungukiwa ilifunguliwa na Wamarekani wawili, George Beadle na Edward Tatum, mwaka 1941. Wao hawakutumia chachu bali ukungu wa mkate. Waliupiga miali ya eksirei, wakaotesha watoto wake penye karamu, kisha wakawajaribu mmoja mmoja kwenye chakula kikavu. Wa kwanza waliyempata alishindwa kujitengenezea vitamini moja ya jamii ya B. Kwa kazi hiyo walionyesha kwamba jeni ndizo zinazotawala kazi za jiko la seli, na mwaka 1958 walipewa tuzo ya Nobel. Chachu ya pombe nayo ilikuwa imekwisha kupata mchunguzi wa urithi wake, Urs Leupold wa Uswisi, aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1940 na kuiendeleza kwa miaka mingi.

Wanafunzi, sasa nataka mfanye hesabu pamoja nami. Tuseme umepewa chachu ambayo hujui upungufu wake. Andaa visahani vitano. Cha kwanza kiwe cha karamu. Cha pili kiwe cha mkavu mtupu. Cha tatu kiwe cha mkavu pamoja na adenini. Cha nne kiwe cha mkavu pamoja na leusini. Cha tano kiwe cha mkavu pamoja na adenini na leusini zote mbili. Ili mbegu zikae mahali pale pale katika kila kisahani, wachunguzi hutumia kipande cha mahameli: hukigandamiza juu ya kisahani chenye madoa ya chachu, kisha hukigonga juu ya visahani vipya, kama karani wa posta anavyogonga muhuri. Hila hiyo ilielezwa na Joshua Lederberg na Esther Lederberg mwaka 1952.

Baada ya siku tatu hivi, soma. Ikiwa doa limeota katika visahani vyote, chachu ile haina upungufu. Ikiwa limeota katika cha kwanza, cha nne na cha tano, likakataa cha pili na cha tatu, basi imepungukiwa na leusini. Na ikiwa limeota katika cha kwanza na cha tano peke yake? Ina upungufu wa vitu viwili. Ukimpa kimoja bila kingine bado hawezi kuondoka alipo. Fikirini pia: ikiwa imeota penye karamu tu, na visahani vinne vyote imevikataa, mtajibu nini? Mtajibu kwamba inahitaji kitu cha tatu ambacho hatukukitia, nasi hatuna budi kuandaa visahani vingine. Neno moja la kuangaliwa: kama hukuotesha penye karamu huwezi kusema lo lote, kwa maana huenda chachu ile ilikuwa imekufa tangu mwanzo.

Kuna upungufu mmoja ambao hujitangaza wenyewe kwa rangi. Adenini haitengenezwi kwa hatua moja, bali kwa hatua nyingi zinazofuatana, kama ulezi unavyofuata njia yake kutoka kulowekwa hata kupikwa. Fikirini nyumba ambayo jiwe lake la kusagia limevunjika. Kimea kinaendelea kuanikwa, lakini kusagwa hakiwezi, basi kinarundikana mlangoni. Apitaye akiona rundo hujua mara moja kazi imekwama wapi. Na jirani akileta unga, upishi huendelea, kwa sababu vyungu na kuni vipo. Ndivyo ilivyo kwa chachu ya pombe yenye kosa katika jeni iitwayo ade6. Kazi hukwama njiani, kitu kisichomalizika hurundikana ndani ya seli na kugeuka rangi. Kwenye chakula chenye adenini kidogo madoa yake huwa mekundu. Ukiipa adenini nyingi, seli huacha kujisumbua na kazi ile tangu mwanzo, rundo halitokei, na madoa huwa meupe. Basi mchunguzi hutambua kwa macho, pasipo dawa wala kipimo, kwamba chachu ina kosa gani na chakula chake kina kadiri gani.

Lipo jambo lingine la kufurahisha. Chachu ya pombe ina jinsi mbili, na zikipungukiwa na chakula cha naitrojeni huungana mbili mbili. Chukua chachu moja isiyoweza kutengeneza leusini, na nyingine ya jinsi ya pili isiyoweza kutengeneza histidini. Kila moja, ikiwa peke yake, haioti kwenye chakula cha mkavu. Ziunganishe, kisha uzirudishe upesi penye chakula hicho hicho cha mkavu. Huota! Moja imeleta agizo la histidini, nyingine imeleta agizo la leusini, na kwa umoja wao jiko limekamilika. Nyumba yenye jiwe bila chungu, na nyumba yenye chungu bila jiwe, zikikaa pamoja hupika.

Huenda mtu akauliza, ya nini kuwafuga viumbe vilema? Nitajibu kwamba upungufu huo umekuwa chombo cha kazi. Mchunguzi akitaka kuingiza jeni ngeni ndani ya chachu, seli zitakazoipokea ni chache mno kati ya mamilioni. Azitambueje? Huchukua chachu isiyoweza kutengeneza leusini, akaitia jeni ngeni pamoja na jeni ya leusini, kisha akaimwaga yote kwenye chakula kisicho na leusini. Zisizopokea hukaa bila kuota. Zilizopokea huota, naye huzichukua. Chakula chenyewe kimefanya kazi ya kuchagua.

Kwa njia za namna hii chachu ya pombe imewafundisha watu mambo makubwa. Mwingereza Paul Nurse aliitumia kutafuta jeni inayoamuru seli igawanyike. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walieleza jinsi walivyochukua jeni za binadamu na kuzitia katika chachu ya pombe ambayo jeni yake ya kuamuru ilikuwa mbovu. Jeni moja ya binadamu ikashika kazi, na chachu ikagawanyika tena. Kumbe agizo linaloongoza kijiti kile katika chungu cha pombe na agizo linaloongoza miili yetu ni jamaa moja. Elimu hiyo ni msingi wa kuelewa saratani, maana saratani ni seli zinazogawanyika pasipo utaratibu. Mwaka 2001 Nurse alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Sasa nifikie bakuli la mtoto. Nimesema chachu yenye afya hujitengenezea asidi amino zote 20. Binadamu hawezi. Kati ya hizo 20, ziko tisa ambazo mwili wetu haujui kuzitengeneza, na leusini, histidini na laisini zimo katika hizo tisa. Hata vitamini C, ambayo wanyama walio wengi hujitengenezea, sisi hatuiwezi, kwa kuwa jeni yake ndani yetu imeharibika tangu zamani za kale. Kwa hiyo kila mmoja wetu, tajiri kwa maskini, ni kama chachu ile yenye upungufu. Tofauti ni kwamba hakuna mchunguzi anayetutilia kitu kinachokosekana. Hatuna budi kukitafuta katika chakula.

Mahindi ni chakula kizuri chenye nguvu, lakini laisini yake ni kidogo, na triptofani kadhalika. Ulezi nao una chokaa nyingi ya kujenga mifupa, lakini laisini yake pia ni haba. Mwanafunzi atasema, haba si sawa na hakuna. Ni kweli. Turudi kwenye kisahani: chachu isiyoweza kutengeneza laisini ikipewa laisini kidogo, huota kwa kadiri ya kile kidogo, kisha husimama, hata sukari ikiwa imebaki tele. Doa lake huwa dogo. Haifi, ila haikui. Na wakulima wa Ufipa, ambao tangu zamani hufukia majani katika matuta ya mviringo yaoze yawe mbolea, wanalijua jambo hilo shambani: udongo ukipungukiwa na kitu kimoja, mmea hudhoofika hata mvua ikinyesha vema.

Mkoa wa Rukwa husifiwa katika Tanzania nzima kwa mavuno ya mahindi. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Sababu za kudumaa ni nyingi: kuharisha, maji machafu, minyoo, mama kupungukiwa na chakula wakati wa mimba. Lakini moja katika hizo ni kumlisha mtoto uji wa aina moja siku zote. Tumbo limejaa, mtoto halii, na mzazi husema ameshiba. Jirani naye huona ghala limejaa magunia, asifikiri kwamba ndani ya nyumba ile iko njaa. Njaa ya namna hiyo haiondolewi kwa kuongeza uji ule ule, kama vile chachu isivyoponywa kwa kuongezewa sukari.

Dawa yake tumekwisha iona katika zile chachu mbili zilizoungana. Maharage yana laisini nyingi, lakini yamepungukiwa na asidi amino nyingine iitwayo methionini. Mahindi na ulezi vinayo hiyo methionini. Kila kimoja kikiliwa peke yake ni pungufu; vikiliwa pamoja, kimoja hukamilisha kingine. Karanga nazo husaidia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, mayai na maziwa vina zile asidi zote tisa, nayo kadiri ndogo tu katika uji wa mtoto ni msaada mkubwa. Mtoto mchanga atosheke na maziwa ya mama peke yake hata miezi sita. Baadaye aendelee kunyonya huku akipewa chakula cha kuchanganywa, pamoja na mboga na matunda.

Ninyi wanafunzi mkirudi nyumbani, na mkakuta chungu kinachemka bila moto, kumbukeni kwamba humo mna vijiti vingi visivyohesabika, kila kimoja kinajua kujipikia karibu kila kitu. Sisi hatukupewa ujuzi huo. Basi mwenye mdogo wake aangalie bakuli lake jioni ya leo, aulize kama mna kitu kingine zaidi ya unga. Kama hamna, maharage yako shambani, na dagaa wako sokoni.